Taa Nyekundu Katika Foleni: Presha ya Oili ya Lori Lililotembea Sana

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi katika mkutano wa polisi na wananchi, Malaba



Katika mkutano wetu uliopita, mama mmoja anayeuza ndizi kando ya barabara kuu alisimama akauliza swali fupi. Alisema, "Afande, kwa nini malori haya huja kufia mlangoni petu?" Watu walicheka, nami nilicheka pamoja nao. Lakini nilipofika nyumbani sikucheka tena, kwa maana swali lile nilikuwa ninalijua jibu lake, na jibu hilo lina jina langu ndani yake. Leo nimekuja kulijibu.

Wengi wenu mnanijua kwa kipaza sauti. Wachache wanajua kwamba kabla ya kupewa kazi ya uhusiano nilikuwa na stashahada ya ufundi wa magari mfukoni na grisi mikononi, nikitumika katika karakana ya magari ya polisi. Kwa hiyo mtanivumilia nikizungumza leo kama fundi na kama askari kwa wakati mmoja. Mada yangu ni ndogo kwa umbo: ile taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili, inayomulika katika dashibodi ya lori kongwe linaposimama foleni likinguruma. Ni taa ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba, lakini nimeona yanayotokea ikidharauliwa.

Kwanza tuelewane juu ya kazi ya oili. Ndani ya injini kuna shafti kuu, ambayo mafundi huiita krankshafti. Inazunguka ikiwa imelala juu ya beringi, na kono za pistoni nazo zimeishika kwa beringi zake. Baina ya shafti na beringi pana nafasi nyembamba sana, yenye unene wa takribani unywele mmoja wa kichwa. Nafasi hiyo hujazwa oili, na chuma huelea juu ya oili bila kugusana na chuma mwenzake. Pampu, ambayo huzungushwa na injini yenyewe, huvuta oili kutoka katika sampu chini, ikaipitisha kwenye filta, ikaisambaza hadi kwenye beringi, kemshafti na turbo. Upinzani unaoikabili oili inapojipenyeza katika nafasi hizo nyembamba ndio unaozaa presha. Nafasi zikipanuka kwa uchakavu, oili huponyoka upesi, na presha hushuka.

Sasa tazameni hali ya foleni. Lori limetoka Mombasa na mzigo mzito, injini imepata moto, na oili iliyopata moto huwa nyepesi kama maji ya chai. Dereva anafika hapa, anasimama, anaondoa mguu kwenye mafuta. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 1,400 kwa dakika sasa inazunguka mara 600 hivi. Pampu nayo imepunguza mwendo. Oili nyepesi, pampu ya polepole, nafasi zilizopanuka: mambo matatu yamekutana mahali pamoja. Ndiyo maana lori ambalo halikulalamika njia nzima huanza kulalamika likisimama mbele ya kizuizi cha forodha. Watu wa hapa huliona likifia kwao, ilhali ugonjwa limekuja nao kutoka mbali.

Foleni nayo ina dhambi yake, tusiifiche. Mnakumbuka Januari 2022, madereva walipogomea malipo ya vipimo vya UVIKO-19, namna foleni ilivyorefuka makumi ya kilomita upande wa Kenya. Hata siku za kawaida gari huweza kusimama saa nyingi huku injini inanguruma, dereva akiogopa kuizima asije akapitwa. Dereva huyo hubadilisha oili kwa kuhesabu kilomita. Lakini injini iliyonguruma saa kumi bila kusonga haikuongeza kilomita hata moja, ilhali oili imefanya kazi saa kumi. Tena, injini ya dizeli inayonguruma muda mrefu bila mzigo hupoa isivyotakiwa, haichomi dizeli yote vizuri, na sehemu ya dizeli hiyo huteremka kandokando ya pistoni ikaingia katika oili. Nasaha yangu ya kwanza basi ni hii: kama foleni haisongi, zima injini. Na kama kazi yako ni ya mipakani, hesabu saa za kunguruma unapopanga siku ya kubadilisha oili. Usihesabu kilomita peke yake.

Mabwana na mabibi, naomba sasa niwasimulie kisa changu.

Nilipokuwa bado kijana katika karakana, siku moja nikiwa sipo zamu, dereva mmoja wa makamo alinifuata. Alikuwa na lori la injini ya silinda sita lililokwisha kutembea zaidi ya kilomita 900,000. Akaniambia, "Mwanangu, asubuhi sindano ya oili inasimama vizuri. Mchana gari likipata moto, nikisimama, sindano inalala na taa inamulika. Nikikanyaga mafuta, inaamka." Alikuwa na haraka, nami nilikuwa na kiburi cha stashahada mpya. Nilichomoa stiki, nikaona oili imepita alama ya juu. Nikamwambia kwa furaha, "Oili ipo tele, mzee. Gari limezeeka tu. Badili, weka oili nzito zaidi, utafika." Akafanya hivyo. Sindano ikapanda. Akaniletea nanasi mbili kwa shukrani, nasi tukazila pale pale.

Baada ya wiki tatu, usiku, injini ya lori lile ilinoki kwenye kona. Hapakuwa na mahali pa kulisukumia pembeni. Dereva hakuwa na pembetatu za kuakisi mwanga, kwa hiyo tanboi wake, kijana wa miaka 19, alikwenda kukata matawi ya miti ayatandaze barabarani kama ilivyo desturi. Gari lililotokea nyuma liliona matawi likiwa limechelewa. Kijana yule hakufa, nashukuru. Lakini mguu wake wa kulia ulikatwa chini ya goti.

Injini ilipofunguliwa, nilikuwepo. Beringi zilikuwa zimelika hadi shaba ikaonekana, na mbili kati yake zilikuwa zimezunguka mahali pake. Lakini chanzo hakikuwa uzee. Sili ya pampu ya dizeli ilikuwa imepasuka, na dizeli ilikuwa ikivuja ndani ya injini kidogo kidogo, siku baada ya siku. Ile oili niliyoiona "ipo tele" ilikuwa imezidi kwa sababu imechanganyika na dizeli. Kama ningeinusa stiki ile, ningejua. Oili nzito niliyoagiza iliinua sindano kwa siku chache, kisha nayo ikayeyushwa na dizeli kama ile ya kwanza. Sili yenyewe bei yake haikufikia bei ya tairi moja. Mimi sikutibu ugonjwa. Nilimnyamazisha mgonjwa.

Tangu siku ile nimeiangalia taa ya oili kama ninavyomwangalia shahidi katika kesi. Shahidi anaweza kusema kweli, anaweza kukosea, na anaweza kuhongwa anyamaze. Mpelelezi mwema hamfukuzi shahidi wala hamhukumu mtuhumiwa kwa neno la shahidi mmoja. Huanza na yaliyo karibu na yasiyo na gharama, huandika anachokiona, kisha hupanda ngazi moja baada ya nyingine. Nitawapitisheni katika upelelezi huo kwa utaratibu wake.

Ngazi ya kwanza ni kujua wakati wa kuzima. Taa ikiwaka gari likiwa katika mwendo, au ukasikia injini inagonga kama nyundo iliyofunikwa blanketi, ondoka barabarani mahali salama na uzime mara moja. Usiseme, "Nitafika pale mbele." Tambua kwamba katika magari mengi taa hiyo huwaka presha ikiwa imekwisha kushuka sana, kwa hiyo inapokuita imekwisha chelewa. Ikimulika tu gari likisimama na ikazimika ukikanyaga mafuta, una nafasi ya kupeleleza, lakini huna ruhusa ya kupuuza.

Ngazi ya pili ni stiki. Simamisha lori mahali tambarare, zima injini, ngoja kama dakika kumi na tano oili iteremke, ndipo upime. Usitazame kiasi peke yake. Kama imepungua, uliza imekwenda wapi: inavuja, au inachomwa? Kama imeongezeka na hukuongeza wewe, usifurahi kama nilivyofurahi mimi. Inuse. Harufu ya dizeli inajulikana hata na mtoto. Ipake baina ya vidole: oili iliyoingiwa na dizeli hukosa ule utelezi mzito. Tazama rangi: ikiwa ya maziwa au kama chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, na hapo huna tatizo la presha tu, una injini inayozama. Ngazi hii haihitaji hata shilingi moja. Inahitaji dakika ishirini na unyenyekevu.

Ngazi ya tatu ni historia. Ni oili gani iliyomo? Iliwekwa lini? Ilinunuliwa wapi? Filta ilibadilishwa pamoja nayo? Injini nyingi za dizeli za malori katika hali ya hewa yetu hutumia oili ya daraja la 15W-40, lakini mwamuzi ni kitabu cha mtengenezaji wa gari lako, siyo jirani yako katika foleni. Hapa nazungumza pia kama polisi: mipaka ni mahali ambapo oili bandia hupitishwa kwa urahisi, katika makopo mazuri yenye vifuniko vilivyogundishwa upya. Nunua kwenye duka linalokupa risiti, kagua muhuri wa kifuniko, na kopo ulilomaliza litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa tena likamwua mwenzako. Ukishuku duka, tuletee kopo na risiti. Hilo ni kosa la jinai, na ni kazi yetu.

Ngazi ya nne ni kumhoji shahidi. Kabla ya kushusha injini kwa sababu ya taa, hakikisha taa inasema kweli. Swichi ya presha na sensa zake huzeeka, nyaya huchunika, geji za dashibodi hudanganya. Fundi anayejiheshimu ana geji yake ya mkono, yenye mpira wake. Huifungua swichi, akafunga geji mahali pake, akasoma presha yenyewe bila kupitia umeme. Asome injini ikiwa baridi, kisha baada ya kuipasha moto barabarani. Asome katika mwendo wa kusimama, na asome katika mizunguko 1,500. Namba hizo nne ziandikwe katika daftari pamoja na tarehe na kilomita za gari.

Je, namba njema ni zipi? Kanuni ya jumla ambayo mafundi wengi huishika ni paundi 10 kwa inchi ya mraba kwa kila mizunguko 1,000 ya injini. Injini nyingi za malori, zikiwa na moto na zimesimama, huridhika na paundi 10 hadi 15, na barabarani husoma baina ya 40 na 60. Geji iliyoandikwa bar isiwachanganye: bar moja ni takribani paundi 14.5. Lakini nasema tena, kitabu cha gari ndicho hakimu. Dereva wa gari jipya aliyezoea kuona paundi 30 akisimama asishtuke anapoona 15 katika gari kongwe. Namba ikiwa ndani ya kiwango cha kitabu na haishuki mwezi hadi mwezi, gari hilo limezeeka kwa heshima. Kinachotisha ni namba inayoteremka.

Sasa someni ushahidi wa geji. Kama geji ya mkono inaonyesha presha njema ilhali taa inawaka, kosa ni la swichi au waya, na umeokoa injini isifunguliwe bure. Kama presha ni njema barabarani lakini inalala gari likisimama na moto, shuku oili iliyopungua uzito, au mwendo wa kusimama uliowekwa chini kupita kiasi, au beringi zilizolika. Kama presha ni ndogo katika mwendo wote, baridi na moto, shuku pampu iliyochakaa au valvu ya kupunguzia presha iliyokwama ikiwa wazi, ambayo mara nyingine hukwamishwa na chembe moja tu ya uchafu. Kama sindano inatetemeka, au inashuka mizunguko inapopanda, shuku kwamba pampu inavuta hewa au inanyimwa oili: chujio la sampu limeziba, bomba la kuvutia lina ufa, au oili imepungua kiasi kwamba inakimbilia upande mmoja kwenye mteremko.

Ngazi ya tano ni filta. Fundi aikate filta kuukuu, aikunjue karatasi yake juani. Asugue sumaku juu ya chembe atakazoziona. Zinazonaswa ni za chuma. Zisizonaswa, nyeupe zinazong'aa au zenye rangi ya shaba, huenda ni beringi zinazokuaga. Chembe chache laini katika injini ya kilomita nyingi si ajabu. Vipande vinavyoonekana kwa jicho ni hukumu: gari lisitembee.

Ngazi ya sita ndiyo ya gharama, nayo hufikiwa baada ya zile tano: kushusha sampu. Hapo chujio husafishwa, na mara nyingi hukutwa limejaa vipande vya gundi ya gasketi vilivyoachwa na fundi mwenye mkono mzito. Valvu hukaguliwa, pampu hupimwa, kifuniko kimoja kimoja cha beringi hufunguliwa. Shafti ipimwe kwa maikromita. Fundi anayebadilisha beringi bila kuipima shafti anamuuzia mwenye gari matumaini. Na kama uchakavu ni wa injini nzima, mwenye gari aambiwe ukweli, apange fedha na siku, kuliko kupangiwa na barabara.

Ndugu zangu, nimesema shahidi anaweza kuhongwa. Nitazitaja hongo zenyewe, maana nyingi hutolewa hapa hapa, chini ya miti yetu. Hongo ya kwanza ni ile yangu: oili nzito, au kopo la dawa ya kunenepesha oili, bila kutafuta chanzo. Kutumia oili ya daraja la juu ambalo mtengenezaji ameliruhusu kwa nchi za joto si kosa. Kosa ni kuitumia kama blanketi la kufunikia ugonjwa. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika kwenye turbo na beringi asubuhi, na sehemu kubwa ya ulaji wa injini hutokea katika nyakati za kuwasha. Hongo ya pili ni kupandisha mwendo wa kusimama ili taa izimike. Hongo ya tatu, ambayo ni mbaya kuliko zote, ni kukata waya wa taa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na katika barabara kuu anayeumbuliwa si mficha maradhi peke yake.

Wanaonunua malori yaliyotumika, sikilizeni hapa. Mkiitwa kulitazama gari, msikubali kuonyeshwa injini baridi ikiwashwa dakika mbili ikazimwa. Ikiwa baridi, hata injini mbovu huweza kuwa na presha. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu amemnyamazisha shahidi, na ni juu ya muuzaji kueleza kwa nini. Kisha liendesheni nusu saa, mlirudishe, mliache lingurume likiwa na moto, ndipo mtazame sindano. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Kwa wenye magari nina neno moja la heshima. Dereva anapokupigia simu kutoka foleni kukuambia taa inamulika, usimjibu, "Lete mzigo kwanza." Sheria yetu ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 hairuhusu gari lenye hali ya kimitambo inayohatarisha watu kutembea barabarani. Mbali na sheria, piga hesabu yako mwenyewe: sili, swichi, filta na oili safi upande mmoja, na upande wa pili shafti, beringi, mvutaji, mzigo uliochelewa, na mguu wa mtoto wa watu.

Na kwenu wakazi wa kandokando ya barabara, pande zote mbili za mto, mna sehemu yenu. Lori likifa usiku karibu nanyi, piga simu 999 au 112, utaje mahali kwa alama inayojulikana: shule, kanisa, msikiti, daraja. Msaidieni dereva kuweka pembetatu mbali na gari, hatua zisizopungua hamsini, na mbali zaidi kama kuna kona au mlima. Anayekwenda kuziweka atembee nje ya lami, avae nguo ya kuonekana, awe na tochi. Matawi yaliyotandazwa na mawe yaliyozungushiwa magurudumu yaondolewe lori linapoondoka, maana yamekwisha kuua waendesha bodaboda baada ya lori lenyewe kusahauliwa. Asiwepo anayefyonza dizeli ya gari lililokwama. Huo ni wizi, na ni moto unaongoja cheche.

Mafundi wetu wa chini ya miti, nawaheshimu, kwa sababu mimi ni mmoja wenu. Injini moja ya lori hutoa lita 30 au zaidi za oili chafu. Ikimwagwa chini, mvua huichukua hadi Mto Malaba, na mto huu hauna upande wa Uganda wala wa Kenya linapokuja suala la kunywesha ng'ombe. Ikusanyeni katika mapipa yenye vifuniko, ipelekwe kwa wanaoruhusiwa kuichukua. Na nunueni geji ya mkono, hata kwa kuchangiana watu watano. Fundi mwenye geji hahitaji kubahatisha, na dereva humrudia fundi asiyebahatisha.

Namalizia kwa kumrudia yule kijana. Yeye hivi leo ni mtu mzima, ana kibanda chake cha kuuza spea ndogo ndogo katika mji mmoja wa njia hii. Nilikwenda kumwona miaka kadhaa iliyopita, nikamweleza habari ya stiki ambayo sikuinusa. Nilidhani atanifukuza. Alinyamaza kitambo, kisha akaniambia, "Afande, hayo uliyoniambia mimi, mimi yamekwisha nipita. Waambie wenye miguu miwili."

Ndiyo maana niko mbele yenu. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha injini, kila dereva aliyepo hapa achomoe stiki, atazame, anuse, aandike. Taa ikimulika mkiwa foleni, mje kituoni. Tumetenga mahali tambarare nyuma ya uzio ambapo dereva anaweza kupima oili na kuazima geji yangu mwenyewe, bila malipo na bila kuulizwa swali lingine lolote. Na yule mama wa ndizi, ambaye namwona pale kwenye mstari wa tatu, namwambia: mama, malori hayaji kufa mlangoni pako. Huja yanaumwa, na mlango wako ndio mahali pa kwanza yanaposimama. Tukijifunza kuyasikiliza hapo, yatapita salama, nawe utauza ndizi zako kwa amani.

Kwa Mungu na nchi yangu.